Namna ya kutengeneza kipimo cha haraka cha ukanda: mwongozo kwa mtafiti anayeanza

Kipimo cha haraka cha ukanda, kile ambacho tone la damu, mkojo au majimaji ya puani hudondoshwa upande mmoja na mistari ya rangi ikajitokeza baada ya dakika kumi na tano hivi, huonekana chepesi mno, na ndiyo maana watafiti wengi wanaoingia katika uhandisi wa tiba hukichukulia kama kazi ya muhula mmoja. Ndani ya kasha lake la plastiki mna kadi ya kubandikia, na juu ya kadi hiyo vipande vinne vilivyopandana kidogo kidogo: pedi inayopokea sampuli, pedi iliyobeba chembe za dhahabu zilizoshikana na kingamwili (protini inayoikamata molekuli inayotafutwa), utando wa nitroselulosi wenye mistari miwili isiyoonekana kwa macho, na pedi ya kunyonya majimaji yaliyobaki. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoka kwenye wazo hadi kwenye kipimo kinachostahili kufanyiwa majaribio kwa sampuli za wagonjwa. Nitatumia maneno mengi zaidi kwa yale ambayo maabara nyingi huyapita haraka, yaani pedi, ukaushaji, bafa (mmumunyo unaoituliza pH, yaani kiwango cha asidi) na uteuzi wa sampuli, kwa sababu kingamwili nzuri huweza kununuliwa, ilhali mambo haya hayanunuliki.

Anza na uamuzi utakaotokana na jibu

Kabla ya kuagiza kitendanishi chochote, andika ukurasa mmoja unaojibu maswali haya: ni nani atakayepimwa, ni sampuli gani itakayotolewa, ni nani atakayeusoma ukanda, na ni jambo gani litakalofanyika kwa namna tofauti endapo jibu litakuwa chanya au hasi. Shirika la Afya Duniani, kupitia programu yake ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, lilikwisha kuorodhesha sifa za kipimo kinachofaa kutumiwa mbali na maabara: kiwe cha bei nafuu, kigundue wagonjwa, kisiwasingizie wazima, kiwe rahisi kutumia, kiwe cha haraka na chenye kustahimili mazingira, kisihitaji mashine, na kiweze kuwafikia wanaokihitaji. Orodha hiyo ni nzuri, lakini haikuambii ni sifa ipi uitoe mhanga pale ambapo huwezi kuzipata zote. Ukurasa wako ndio utakaoamua hilo.

Hesabu ifuatayo inafaa kufanywa siku ya kwanza. Tuseme kipimo chako kina unyeti wa asilimia 90, maana yake kinawagundua wagonjwa 90 katika kila 100, na umahususi wa asilimia 97, maana yake kinawatangaza wazima 97 katika kila 100 kuwa ni wazima. Kikitumiwa kwa watu 10,000 ambao asilimia 1 kati yao ni wagonjwa, kitawapata wagonjwa 90 na kitawasingizia wazima 297, kwa hiyo katika majibu chanya 387 ni takriban asilimia 23 tu yaliyo ya kweli. Kipimo hicho hicho, bila kubadilishwa hata kidogo, kikipelekwa kwenye kliniki ambako asilimia 20 ya wanaofika ni wagonjwa, kitatoa majibu chanya 2,040 ambayo 1,800 kati yake ni ya kweli, yaani asilimia 88. Mtafiti asiyeifanya hesabu hii mapema hujikuta ametumia miaka akiongeza unyeti ilhali kilichohitajika kilikuwa umahususi. Viwango vya chini ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviweka kwa vipimo vya antijeni (molekuli inayoshikwa na kingamwili) vya UVIKO-19, unyeti wa asilimia 80 na umahususi wa asilimia 97, vinaonyesha vizuri jinsi upande mmoja unavyoweza kulegezwa kwa makusudi huku mwingine ukikazwa.

Uteuzi wa kile kitakachogunduliwa nao ni sehemu ya uamuzi huu. Vipimo vingi vya malaria hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo vimelea vya Plasmodium falciparum huitoa kwa wingi na ambayo ina vipande vilivyojirudia mara nyingi, hivyo kingamwili huishika kwa urahisi. Sifa hizo mbili zilikifanya kipimo kiwe chepesi kutengeneza, lakini protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na mwaka 2010 watafiti waliripoti kutoka Peru kwamba kuna vimelea vilivyopoteza kabisa jeni ya kuitengeneza. Vimelea vya namna hiyo vimeonekana baadaye katika nchi nyingine, ikiwemo Eritrea, ambako ililazimu kubadili aina ya kipimo. Jiulize basi: je, kiumbe au tishu ninayoitafuta inaweza kuishi bila molekuli hii? Na molekuli hii huondoka mwilini lini?

Kuchagua jozi ya kingamwili

Kwa molekuli kubwa kama protini hutumika mpangilio wa kubana: kingamwili moja imefungwa kwenye dhahabu, nyingine imekaushwa kwenye mstari wa kipimo, na antijeni hunaswa katikati yao. Kwa molekuli ndogo isiyo na nafasi ya kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, kama vile dawa nyingi na baadhi ya homoni, hutumika mpangilio wa ushindani, ambamo mstari hufifia kadiri kinachotafutwa kinavyoongezeka. Epuka mpangilio wa ushindani ikiwa una namna nyingine, kwa kuwa jicho la binadamu hutambua kutokea kwa mstari vizuri zaidi kuliko linavyopima kufifia kwake.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua jozi iliyofanya vizuri katika ELISA (kipimo cha maabara kinachotumia kingamwili ndani ya visima vya sahani) na kudhani kwamba itafanya vizuri kwenye ukanda. Katika ELISA antijeni na kingamwili hupewa muda mrefu, mara nyingi saa nzima, kukutana. Kwenye ukanda hali ni tofauti kabisa. Chukua utando ambao majimaji huusafiri sentimita 4 kwa sekunde 120: mwendo wake wa wastani ni theluthi moja ya milimita kwa sekunde, kwa hiyo kila tone la majimaji linauvuka mstari wenye upana wa milimita 1 kwa takriban sekunde 3. Kingamwili ambayo hushika polepole, hata kama ikishashika haiachii, itaiacha antijeni ipite ikienda zake kwenye pedi ya kunyonya. Kwa hiyo mwuzaji wa kingamwili akikupa takwimu, tazama kwanza kasi ya kushika kabla ya kutazama nguvu ya jumla ya kushikilia, hasa kwa ile itakayokaa kwenye mstari.

Njia ya kuaminika ni kujaribu kila kingamwili katika nafasi zote mbili. Kama una sita, jozi za kujaribu ni 30, maana A kwenye dhahabu na B kwenye mstari si sawa na B kwenye dhahabu na A kwenye mstari. Kazi hii inaweza kufanywa kwa vipande vya utando visivyo na pedi wala kasha, vikichovywa katika visima vya sahani ya maabara vyenye mchanganyiko wa dhahabu na antijeni, na jozi nyingi zisizofaa huondoka mapema. Kila jozi ijaribiwe pia bila antijeni. Jozi inayotoa mstari hafifu kwenye bafa tupu haina dawa. Iache, hata kama ndiyo yenye rangi kali kuliko zote antijeni inapokuwapo.

Dhahabu, na jaribio la chumvi

Chembe zinazotumiwa sana zina kipenyo cha nanomita 40, na kimiminika chake huwa chekundu kama divai, mwanga ukimezwa zaidi karibu na nanomita 525. Zinaweza kutengenezwa maabara kwa kuchemsha mmumunyo wa asidi ya dhahabu na kuongeza sitrati ya sodiamu, njia iliyochunguzwa na Turkevich na wenzake mwaka 1951. Hata hivyo, nashauri mradi wa kwanza uanze na dhahabu ya kununua, kwa sababu vyombo vya kioo vya kazi hii vinapaswa kuwa safi kupindukia na huoshwa kwa mchanganyiko hatari wa asidi mbili, na kwa sababu chembe zinazotofautiana ukubwa kutoka wiki hadi wiki zitakuvurugia kila jaribio linalofuata.

Kingamwili hushikana na dhahabu kwa kugandamana tu, bila kiunganishi cha kikemia, na hali ya pH ndiyo inayotawala. Kwa kawaida pH huwekwa juu kidogo ya ile ambayo kingamwili haina chaji, na kwa kingamwili nyingi za aina ya IgG bafa ya boreti yenye pH kati ya 8.5 na 9 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ili kujua ni kiasi gani cha kingamwili kinahitajika, panga mirija midogo kumi yenye dhahabu sawa, ongeza kingamwili kuanzia sifuri na kupanda hatua kwa hatua hadi mikrogramu 20 hivi kwa mililita, subiri robo saa, kisha tia katika kila mrija mmumunyo wa chumvi ya kawaida wa asilimia 10. Katika mirija yenye kingamwili chache, chumvi huondoa msukumano uliokuwa ukizitenganisha chembe, zikashikana, na rangi nyekundu ikageuka zambarau na kisha buluu ya kijivu machoni pako, pengine ndani ya dakika chache. Mrija wa kwanza unaobaki mwekundu ndio unaoonyesha kiasi cha chini kinachofunika chembe. Ongeza kidogo juu ya hapo, kisha funika nafasi zilizobaki kwa albumini ya damu ya ng'ombe ili protini za sampuli zisipate pa kujishika.

Jaribio hilo linathibitisha kwamba chembe zimefunikwa, lakini halithibitishi kwamba kingamwili zilizozifunika bado zinafanya kazi, kwani nyingine huwa zimelala upande usiofaa au zimeharibika umbo. Kwa sababu hiyo, kiasi kilichopatikana kwenye mirija kijaribiwe kwenye ukanda, pamoja na kiasi cha chini yake na cha juu yake.

Utando, pedi na ukaushaji

Utando wa nitroselulosi huuzwa kwa muda unaochukua majimaji kusafiri sentimita 4, na muda huo huwa kati ya sekunde 75 na 180 kwa aina zinazotumika sana. Utando wa polepole huipa antijeni nafasi zaidi ya kunaswa, lakini huchelewesha jibu, na sampuli nzito huweza kukwama humo. Kingamwili ya mstari huandaliwa kwa takriban miligramu 1 kwa mililita na kumwagwa kwa mashine kiasi cha mikrolita 1 kwa kila sentimita. Usitie sabuni katika mmumunyo huo, kwa kuwa protini hushikana na nitroselulosi kwa mvutano ambao sabuni huudhoofisha. Usiuguse utando kwa vidole vitupu, na ukumbuke kwamba nitroselulosi hushika moto kwa urahisi, hivyo tanuri la kukaushia liwe la kuaminika na lisizidi nyuzi 37 hivi za Selsiasi.

Unyevu wa hewa ni jambo ambalo wengi hulipuuza hadi liwaumize. Utando mkavu kupita kiasi wakati wa kuchora mistari huukataa mmumunyo, na mstari hutoka ukiwa na vipande vipande. Baada ya kukaushwa, kinyume chake, unyevu ndio adui, na kanda zinapaswa kufungwa katika vifuko vya alumini pamoja na kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Ukiona mistari ya asubuhi inatofautiana na ya jioni ilhali hakuna ulichobadilisha, angalia kipima unyevu cha chumba kabla ya kulaumu kingamwili.

Pedi ya dhahabu inastahili subira zaidi ya zote. Dhahabu huchanganywa na sukari, mara nyingi sukrosi na trihalosi, kisha hukaushwa kwenye pedi ya nyuzi za kioo au poliesta. Sukari hizo hulinda kingamwili isiharibike ikikauka na huyeyuka upesi majimaji yanapofika, zikiiachia dhahabu yote kwa pamoja. Dondosha bafa kwenye ukanda mmoja usio na kasha na uutazame bila kuondoa macho. Mawimbi mekundu yanapaswa kupanda kwa mstari ulionyooka, na baada ya dakika kumi pedi iwe imebaki karibu nyeupe. Wekundu ukibaki kwenye pedi, sukari au sabuni iliyotiwa kwenye pedi haitoshi. Wekundu ukikimbia pembeni mwa utando na kuacha katikati nyuma, huenda kisu cha kukatia kimekuwa butu na kimeuponda ukingo wa utando. Majimaji yakisimama kabisa kabla ya kufika kwenye mstari, kagua mahali pedi inapopanda juu ya utando. Pasipopandana kwa milimita 2 hivi, au kasha lisipopabana vizuri, hakuna njia ya majimaji kupita. Dakika kumi za kutazama hivi hufundisha kuliko jedwali zima la namba.

Mstari wa udhibiti, ambao kwa kawaida hunasa kingamwili yenyewe iliyo kwenye dhahabu, unathibitisha kwamba majimaji yamepita na dhahabu imefika ikiwa hai. Hauthibitishi kwamba kijiti cha pamba kilichukua sampuli ya kutosha, wala kwamba sampuli ilikuwa ya mgonjwa husika. Liandike hilo wazi katika maelekezo ya mtumiaji.

Kutoka kwenye bafa hadi kwenye sampuli halisi

Kipimo kinachong'ara kwenye bafa safi bado hakijathibitisha lolote. Damu nzima ina chembe nyekundu zinazohitaji kuchujwa zisiufunike mstari; mate yana ute unaonata; mkojo hubadilika chumvi na pH kutoka saa hadi saa. Wakati wa UVIKO-19 ilionekana kwamba baadhi ya vipimo vya antijeni vikidondoshewa soda au maji ya matunda yenye ukali hutoa mstari chanya, kwa sababu asidi ilizigeuza protini zikashikana hovyo. Wengi walilichukulia jambo hilo kama kichekesho, lakini kwa mhandisi lilikuwa somo kuhusu kazi ya bafa: sampuli ichanganywe nayo kabla ya kufika kwenye ukanda, na bafa iwe na nguvu ya kuirudisha pH mahali pake.

Kuna pia watu ambao damu yao ina kingamwili zinazoshika kingamwili za wanyama, au zile za ugonjwa wa baridi yabisi, ambazo huunganisha dhahabu na mstari moja kwa moja bila antijeni kuwapo. Tiba yake ni kuongeza kwenye pedi ya sampuli kingamwili zisizo na kazi za mnyama yule yule, ili ziwavutie wavamizi hao kwanza. Upande wa pili, sampuli yenye antijeni nyingi kupita kiasi hujaza dhahabu na mstari kwa wakati mmoja, kila mmoja na antijeni yake, na mstari hufifia au hutoweka ilhali mgonjwa ana ugonjwa mkali. Ili kuugundua udhaifu huu, jaribu viwango vya antijeni vinavyopanda hadi vile vya juu kabisa vinavyopatikana kwa wagonjwa, badala ya kuishia pale mstari unapokuwa mwekundu wa kutosha.

Sampuli za binadamu zinahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na ridhaa ya waliozitoa, na hushikwa kana kwamba zote zina maambukizi. Zigawe katika mirija midogo kabla ya kuzigandisha, kwa kuwa kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huharibu protini nyingi.

Kukipima kipimo chenyewe

Kiwango cha chini kinachogundulika hupatikana kwa hatua mbili. Kwanza soma sampuli nyingi zisizo na antijeni kwa kifaa cha kupima ukali wa mstari, kisha chukua wastani wake na uongeze mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) uliozidishwa kwa 1.645, hicho ndicho kikomo cha utupu. Pili, soma sampuli zenye antijeni kidogo, chukua mkengeuko wake sanifu, uuzidishe kwa 1.645 na uujumlishe na kikomo hicho. Sampuli tupu zinazotumika ziwe zimetoka kwa watu mbalimbali. Sampuli ya mtu mmoja iliyosomwa mara sitini itakupa namba nzuri isiyo na maana.

Katika majaribio ya wagonjwa, kosa kubwa ni kukusanya upande mmoja wagonjwa mahututi na upande wa pili vijana wenye afya tele, kisha kutangaza kwamba kipimo kimewatenganisha. Chukua watu mfululizo kadiri wanavyofika wakiwa na dalili zile zile, maana hao ndio ambao tabibu hushindwa kuwatofautisha. Kila mmoja apimwe kwa ukanda na kwa kipimo cha rejea, kama vile PCR (kipimo kinachonakili vinasaba vya kijidudu) au uoteshaji wa vijidudu, na wasomaji wawili wausome ukanda bila kujua jibu la rejea wala jibu la mwenzao. Amueni kabla ya kuanza kwamba mstari hafifu ni chanya au si chanya, na mshike saa: ukanda wa dakika 15 ukisomwa baada ya saa nzima, majimaji yaliyorudi nyuma wakati wa kukauka huweza kuchora kivuli mahali pa mstari.

Kuhusu idadi, kuna kanuni fupi ya kukadiria. Kama umegundua wagonjwa wote bila kumkosa hata mmoja, gawanya 3 kwa idadi yao upate kiwango cha juu cha makosa ambacho bado kinawezekana kwa uhakika wa asilimia 95. Wagonjwa 30 kati ya 30 huonekana kuwa asilimia 100, lakini unyeti wa kweli unaweza kuwa asilimia 90. Kwa wagonjwa 300 shaka hiyo hushuka hadi asilimia 1.

Kuhusu uthabiti, hifadhi kanda katika nyuzi 4, 30 na 45 na uzijaribu kila baada ya muda kwa sampuli dhaifu, zile zinazokaribia kiwango cha chini kinachogundulika, kwa kuwa sampuli kali huendelea kuonyesha mstari hata kipimo kikiwa kimepoteza nusu ya uwezo wake. Joto la juu husaidia kukisia umri wa kipimo mapema, ila tarehe ya mwisho inayochapishwa kwenye kifuko inahitaji kuthibitishwa kwa muda halisi.

Ripoti ya matokeo ifuate mwongozo wa STARD wa mwaka 2015, wenye vipengele 30 kuhusu namna ya kueleza utafiti wa usahihi wa vipimo. Taja kanda zote ambazo hazikutoa mstari wa udhibiti badala ya kuziondoa kimyakimya kwenye hesabu, na ueleze ni makundi mangapi ya uzalishaji yaliyotumika. Matokeo ya kundi moja hayatoshi kukitolea kipimo hukumu. Kutoka kila kundi weka kando kanda za akiba zikiwa zimefungwa, zenye tarehe na namba ya kingamwili, utando na pedi zilizotumika, ili siku mtumiaji atakapoleta jibu lisiloeleweka uwe na kitu cha kufungua na kujaribu upya.